Sauti Iliyofika Kazini

"Lakini hajapotea," alisema Ryan, akigeuza kompyuta yake ili wanawake wawili waliokaa mbele yake waone. "Look. Leo, seven-oh-three. Chebet ame-check-in."

Chepkirui hakuitazama kompyuta. Alikuwa bado amevaa sare ya hospitali, mkoba mapajani, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku akaamua usingizi utasubiri. Leo ilikuwa Alhamisi. Tangu Jumapili hakuwa amemwona dada yake. Simu ya Chebet ilikuwa inaita mpaka inakata, na kitanda chake, katika chumba walichopanga pamoja hapo Hyattsville, kilikuwa kimetandikwa vilevile alivyokiacha akienda.

Bilha Makena ndiye aliyeinama kusoma. Mama huyu wa Kimeru alikuwa ametumikia polisi wa Kenya miaka kumi na tisa, Isiolo na Nakuru, na sasa alikuwa na leseni ya upelelezi na meza ya kona katika ofisi ya wakili mmoja Upper Marlboro. Kesi nyingi zilizomfikia zilikuwa za ndoa zilizochacha, waume wanaosema wako kazini na hawako. Hii, aliyoipokea jana, ilikuwa kinyume chake.

"Na Jumatatu?"

"Seven-oh-one. Tuesday, seven-ten. Kila siku, Auntie. Yuko kwa client wake Takoma Park. Maybe hataki tu kuongea na family. It happens."

"Nani amemwona?"

"Sistimu."

"Nimeuliza nani, Ryan. Mtu mwenye macho."

Ryan alicheka kidogo, kwa adabu. Kampuni ile ya walezi wa wazee ilikuwa ya mama yake, aliyeianzisha kwa gari moja na jozi mbili za raba. Yeye alizaliwa hapa ughaibuni. Kiswahili alikielewa chote, lakini ulimi wake ulikimbilia Kiingereza kama mbuzi anavyokimbilia zizi. Aliwaeleza bila haraka. Kila nyumba ya mgonjwa ilikuwa na tableti ukutani. Mlezi akiingia akasema lolote, hata akimsalimia mgonjwa tu, ile tableti ilipima sauti yake, ikamtambua, ikaandika saa aliyofika. Hakuna kadi wala sahihi.

"Zamani watu walikuwa wanadanganya sana. Mtu ana-sign akiwa kwa gari, anaenda kulala. Now you can't. Sauti haidanganyi. Kila mtu kwa industry anaenda huko, Auntie. Two years from now, hakuna mtu atakuwa ana-sign kitu."

"Basi tusikilizishe sauti ya leo asubuhi."

"Siwezi. Haiweki audio. Inapima, inaweka marks, inafuta. It's for privacy."

"Kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kuisikia sauti iliyoongea leo katika nyumba hiyo."

Ryan aliirudisha kompyuta upande wake. "The machine heard it," alisema mwishowe.

Jumanne Chepkirui alikuwa amewapigia polisi. Polisi wakampigia Ryan, Ryan akasoma kompyuta yake, na hadithi ikaishia hapo, maana mtu mzima anayefika kazini kila asubuhi hajapotea. Afisa aliyepokea taarifa, jina lake Whitlow, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Bilha waziwazi: siku mashine itakaposema hakufika kazini, nipigie, nifungue faili saa hiyohiyo. Bila faili hakuna amri ya mahakama, na bila amri ya mahakama hakuna kampuni ya simu wala ya mtandao ambayo ingemtajia mtu alipo Chebet.

"Nichapie rekodi yote," alisema Bilha, akiweka barua ya wakili mezani. "Tangu siku ya kwanza ya hiyo tableti."

Ryan aliisoma barua mara mbili, akachapa.

* * *

Mtu wa kwanza ambaye Bilha alimwandika kwenye daftari lake alikuwa Kiprotich. Kijana huyu aliandika programu za kompyuta huko Virginia siku za kazi, na Jumapili alirusha ibada za kanisa lao la Takoma Park mtandaoni. Chebet aliimba pale. Kama kuna aliyekuwa na saa nyingi za sauti ya Chebet, ni yeye.

Yeye na Chepkirui walimkuta jioni hiyo peke yake kanisani, amepiga magoti kati ya nyaya.

"Nataka kujua kama mtu anaweza kuiba sauti ya mwenzake," alisema Bilha.

Kiprotich alinyanyuka akijifuta magoti. "Auntie, unataka nikwambie ama nikuonyeshe?"

Alimpa Bilha simu, akamwomba asome tangazo lililobandikwa mlangoni, lile la kuwakataza watu kuegesha magari mbele ya jirani. Bilha alilisoma lote. Kiprotich akaketi mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa fulani wa mtandao, akaandika maneno machache. Hata dakika mbili hazikupita.

Spika za kanisa zikaguruma. "Mimi ni Bilha Makena," zilisema. "Niko salama. Msinitafute."

Chepkirui alipiga ukelele. Mkono wa Bilha ulienda kiunoni, mahali ilipokaa bastola kwa miaka kumi na tisa, ukakuta mkanda tu. Ilikuwa sauti yake, na mkwaruzo wake, na ule uzito wa lafudhi ya Kimeru ambao Nakuru yote ilimtania nao. Aliogopa kama ambavyo hakuwa ameogopa kwa miaka mingi, na hakuona haya kuogopa.

"Hiyo ni ya bure," alisema Kiprotich, naye akiwa hana furaha. "Ilitoka mwezi uliopita. Huko kazini wanasherehekea, wanasema hii itasaidia mabubu waongee. Na ni kweli itawasaidia. Lakini mimi silali vizuri siku hizi."

"Nani mwingine ana sauti ya Chebet?"

"Kila mtu mwenye intaneti. Ibada zote ziko wazi, solo zake ziko huko, miaka mitatu." Aliinamia nyaya zake. "Mimi ndiye nilizi-upload."

"Jumapili baada ya ibada ulikwenda wapi?"

"Kazini. Nilikuwa on call, zamu ya dharura, mpaka Jumatatu. Unaweza kuuliza."

"Nitauliza."

Alimpa ile karatasi ya Ryan, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa aone atafanya nini. Kiprotich aliisoma kwa kidole, akakunja uso.

"Lakini Auntie, hii inanishangaza. Mtu akicheza recording moja kila asubuhi, marks zingekuwa zilezile. Hizi zinapanda zinashuka. Tisini na nane, tisini na tano, tisini na sita. Hivi ndivyo mtu huongea. Leo amelala vizuri, kesho hajalala."

"Na kama anatengeneza mpya kila siku?"

"Inawezekana." Alimrudishia karatasi. "Ningetaka iwe hivyo, ningejua naogopa nini. Lakini sidhani."

* * *

Katika chumba cha Hyattsville, Chepkirui akipika chai, Bilha alitandaza karatasi zile kitandani na kuzisoma kwa rula, mstari baada ya mstari, kama alivyofundishwa kusoma kitabu cha OB, cha kuandikia matukio, kituoni. Mtu anayesoma haraka huona anachokitafuta tu. Rula haina haraka.

Februari yote ilikuwa sawa, tisini na kitu kila siku. Tarehe kumi na tatu Machi rula ikasimama: themanini na moja. Kumi na nne: sabini na tisa, na pembeni ofisi ilikuwa imeandika maneno mawili matatu. Walikuwa wamepiga simu kuuliza kwa nini alama zimeshuka, wakajibiwa kwamba mlezi ana mafua.

"Chepkirui, dada yako aliugua mafua mwezi wa tatu?"

"Wa tatu?" Chepkirui aligeuka, sufuria mkononi. "Mwezi wa tatu hakuwa hapa, Auntie. Alikuwa Bomet. Tulikuwa tunazika Mama."

"Una uhakika na tarehe?"

Chepkirui aliitua sufuria, akaleta simu. Yeye hakuweza kusafiri kwa sababu kesi yake ya makaratasi ya ukaazi ilikuwa haijaisha. Aliyatazama mazishi ya mama yake kwenye kioo kidogo, ameketi kwenye kitanda hikihiki. Video ilikuwa bado ipo. Chebet alikuwa amejifunga leso, anatupa udongo kaburini kwa mkono wa kulia. Tarehe kumi na nne Machi.

Bilha aliitazama mpaka mwisho, kwa heshima ya marehemu. Kisha akavua miwani.

"Mashine ya kuiga haipati mafua," alisema. "Aliyeongea siku ile alikuwa na pua na koo, na alikuwa Takoma Park wakati dada yako yuko kaburini. Na sauti ni ileile tangu Februari mpaka leo. Hakuna aliyeiba sauti ya Chebet. Tableti haijakosea hata siku moja. Ila waliyoisajili haikuwa sauti yake."

Chepkirui aliketi polepole. Jambo lenyewe hakuhitaji kuelezwa. Kila mtu katika jamii yao alimjua mtu anayefanya kazi kwa jina la mwingine. Mwenye makaratasi humkopesha jina asiye nayo, wanakula wote, na mdomo unafungwa. Zamani bosi alipita akaangalia uso, na ujanja huo ulikuwa wa hatari. Tangu tableti zije, nyuso hakuna aliyeziangalia tena.

"Angeniambia," alisema Chepkirui.

"Ungemkataza."

"Ningemkataza, ndiyo!" Alianza kulia. "Auntie, kama kule Takoma Park kwa bibi anayemlea si yeye, basi kila asubuhi akitoka hapa na mkoba wake anaenda wapi?"

Bilha aliinakili kwenye daftari anwani ya Takoma Park.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, Bilha aliegesha gari mtaa mmoja wa nyumba za zamani Takoma Park, mbele ya nyumba ya kijani yenye ngazi tatu na reli ya kushikilia. Mjukuu wa mwenye nyumba, anayelala pale usiku, alitoka akapanda gari lake, akaenda zake. Dakika kumi baadaye basi lilisimama kwenye kona. Akashuka mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, sare ya zambarau, kopo la chakula mkononi.

Bilha alimngoja penye ngazi. Yule mwanamke alipoinua macho akamwona mama mtu mzima, mdomo ulimtangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Bilha. Hakuna Mkipsigisi wa Bomet aliyewahi kumwamkia hivyo. "Wewe ndiye unayeitwa Chebet hapa?"

Kopo lilianguka. Mwanamke aligeuka kukimbia, na Bilha hakumfuata, alisema tu, bila kupaza sauti: "Mimi si polisi, wala si mtu wa makaratasi. Natafuta mtu aliye hai, na nadhani wewe tu ndiye unayeweza kunisaidia."

Yule mwanamke alisimama. Alirudi hatua kwa hatua, akaliokota kopo lake, na dakika moja baadaye walikuwa wameketi ndani ya gari, milango imefungwa. Jina lake lilikuwa Flaviana, mtu wa Songea. Alikuja kusoma, ada ikamshinda, viza ikaisha. Alikutana na Chebet kwenye kwaya.

"Aliniambia, Flavi, fanya kwa jina langu, mimi nimepata kazi nyingine," alisema. "Tableti ilipoletwa tulisajiliwa kwa simu. Soma sentensi tatu, basi. Hakuna aliyekuja kuniangalia. Nikasoma mimi."

"Kazi gani nyingine?"

"Ya kulea mzee, kwa watu binafsi. Aliipata kwenye ule mtandao mpya, unaweka picha yako, familia zinakuchagua. Hawataji mahali. Wanakutumia ramani asubuhi, ukifika ramani inafutika. Yeye mwenyewe alikuwa hajui anwani. Alisema ni mbali, kuna geti."

"Mara ya mwisho kukupigia ilikuwa lini?"

Flaviana alitoa simu. Alikosea namba ya siri mara mbili. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Jumapili jioni, na ndipo Bilha aliposikia kwa mara ya kwanza sauti ya mtu aliyekuwa akimtafuta: nyembamba, ya haraka, inayonong'ona.

"Flavi, sikiliza, sina time. Hawa watu wanataka simu niwe naacha kwa mlango. Mzee mwenyewe sijamwona tangu jana, chumba wamefunga na hawaniambii kitu. Nimewaambia kesho naacha kazi, wakaangaliana tu. Nisipokupigia kesho, please—"

Hapo ikakatika.

"Jumapili!" Bilha alipiga usukani. "Leo ni Ijumaa, mama! Siku tano umekaa na hii!"

"Nilimpigia mara ngapi sijui! Nimwambie nani? Nikienda polisi, swali la kwanza watakaloniuliza ni jina langu." Flaviana alikuwa analia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia kwenye nyumba za watu. "Na huyu bibi ndani ni kipofu. Nisipofika anashuka kitandani mwenyewe. Januari alivunjika nyonga."

Bilha alivuta pumzi, akafikiri kama askari. Ujumbe huu pekee usingetosha. Whitlow angesema ni wa Jumapili, na Jumatatu mashine imeandika yuko kazini. Angeongeza kwamba siku hizi sauti kwenye simu yeyote anaitengeneza, na hapo asingekuwa amekosea. Bilha mwenyewe alikuwa amejisikia akihutubia kanisa tupu. Sauti ya Chebet wangeitilia shaka, na alama ya tableti wangeiamini.

"Njoo useme ukweli kwa polisi."

"Siwezi. Naomba, mama. Siwezi."

"Basi fanya hivi. Ile tableti inaandika saa ngapi kwamba mtu hakufika?"

"Saa moja na nusu."

"Ingia, mhudumie bibi, ila usitamke neno mpaka saa moja na nusu ipite. Mashine itaandika Chebet hakuja. Nitampigia afisa, atafungua faili. Jina lako halitatajwa."

"Nikiizima je?"

"Ukiizima itaandika kwamba imeharibika. Hiyo haitoshi. Inatakiwa iseme hakuja."

Flaviana aliitazama nyumba ya kijani. "Bibi ananijua kwa sauti tu," alisema.

Bilha alilisikia neno hilo na hakulipa uzito. Baadaye alijilaumu sana.

Waliingia saa moja na dakika tano. Tableti ilikuwa ukutani sebuleni, taa yake ndogo ya buluu inawaka, na mlango wa chumba cha bibi ulikuwa wazi kuielekea. Flaviana alivua viatu. Bilha akavua vyake. Dakika nane zilikwenda vizuri. Flaviana alipasha uji, akatoa vidonge kwenye kiboksi chake, akaweka maji. Katika nyumba nzima hakukusikika ila friji.

Saa moja na kumi na nne, Bi Odessa akaamka.

"Ni wewe?" aliita. Alikuwa na miaka themanini na minane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hata kitandani alisema kwa Kiingereza kilichonyooka kama bado yuko mbele ya darasa. "Umechelewa kunisalimia leo."

Flaviana aliingia, akamgusa bega. Bibi akaushika mkono ule, akaupapasa, akauachia.

"Mbona husemi?"

Flaviana aliweka kikombe cha maji mkononi mwake. Bibi alikisukuma, maji yakamwagika kitandani.

"Wewe ni nani? Sema! Ni nani huyo chumbani kwangu?"

Saa moja na kumi na nane. Bilha alikuwa mlangoni, na ubao wa sakafu ukalia chini ya mguu wake. Kichwa cha bibi kiligeuka.

"Mko wawili," alisema, na sasa sauti ya ualimu ilikuwa imemtoka yote. Iliyobaki ilikuwa ya mtoto aliyefungiwa gizani. "Mnataka nini? Sina kitu. Chukueni mnachotaka. Chebet! Chebet, uko wapi?"

Akaanza kupiga kelele. Alirusha shuka, akatoa mguu mmoja nje ya kitanda, ule wa nyonga mbovu, na Flaviana alipomshika alipigana naye kwa makucha, akimkwaruza shingo. Mzee yule aliamini kabisa kwamba anauawa. Bilha hakuweza kuvumilia.

"Bibi, usiogope," alisema kwa Kiingereza. "Mimi ni rafiki—"

Ilikuwa kumwaga petroli motoni. Sauti ngeni, nzito, ya mtu asiyemjua. Bi Odessa alijirusha upande wa pili, akaanza kuteleza kwenda chini, mkono wake ukitafuta hewani kitu cha kushika na kukosa.

"Mama! Mama Odessa, ni mimi!" Flaviana alimdaka kiunoni, wakaanguka pamoja juu ya godoro. "Ni mimi, mama. Niko hapa. Nisamehe. Nisamehe, ni mimi."

Bibi alinyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Vidole vyake vilipanda taratibu usoni kwa Flaviana.

Sebuleni taa ya buluu ikawa ya kijani. "Habari ya asubuhi, Chebet," ilisema tableti kwa upole wake. "Umefika saa moja na dakika ishirini na moja."

Simu ya Bilha ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Ryan: *Amefika, Auntie. See? She's fine.*

Bilha aliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza katika kesi hii alimwona Chebet akilini jinsi alivyoogopa kumwona, nyuma ya mlango uliofungwa, mahali pasipojulikana, na dunia nzima ina karatasi inayosema yuko salama. Siku nyingine imepotea. Kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili, kazini hakuna. Mpaka Jumatatu.

"Nipe simu," alisema Flaviana.

"Hulazimiki, mwanangu."

"Najua. Nipe kabla sijabadili mawazo."

Bilha alipiga namba ya Whitlow, akaweka spika, akampa. Afisa alipokea haraka. Alikuwa akiitarajia simu hiyo.

"Jina langu ni Flaviana Komba," alisema Flaviana kwa Kiingereza, bibi bado amemng'ang'ania. "Mimi ndiye ninayefika kazini kila asubuhi kwa jina la Chebet. Yeye hajawahi kusajili sauti yake. Amepotea tangu Jumapili na nina ujumbe wake. Tafadhali, mtafuteni."

Upande wa pili kulisikika mlio wa kalamu.

"Chebet," ilisema tableti kutoka sebuleni, "je, Odessa amekunywa dawa yake ya asubuhi?"

"Nani huyo?" Sauti ya Whitlow ilibadilika. "Nani amekuita Chebet?"

"Ni mashine, bwana."

"Mama, ninajaribu kukuelewa. Unaniambia wewe si Chebet, na nyuma yako kuna mtu anayekuita Chebet. Na nimeambiwa Chebet hataki kusumbuliwa na familia yake."

Bilha alinyoosha mkono aichukue simu, aeleze. Flaviana alitikisa kichwa. Damu ilikuwa inamtoka kidogo shingoni pale alipokwaruzwa.

"Usiniamini kwa sauti," alisema. "Njoo unione uso. Lete picha ya Chebet, lete na mtu wa makaratasi ukitaka. Utaona sisi si mtu mmoja."

Akataja anwani, namba ya nyumba kwanza, kisha mtaa, kisha akairudia yote polepole ili afisa aandike vizuri.

"Nikishamwona kwa macho yangu, Makena, faili linafunguliwa leo," alisema Whitlow. "Asitoke hapo."

"Sitoki," alijibu Flaviana, akakata.

Bi Odessa alikuwa amesikia kila kitu na kuelewa nusu. Aliushika mkono wa mlezi wake kwa mikono yake yote miwili.

"Nani wanakuja?" aliuliza.

"Wageni, mama," alisema Flaviana, akamfuta uso kwa kiganja. "Ngoja nikubadilishe nguo hizi zimelowa, halafu unywe dawa kabla hawajafika."